Chakula cha mbwa katika sahani ya binadamu

Mwanzoni mwa mwaka 2006 sehemu kubwa ya kaskazini na mashariki mwa Kenya ilikuwa imekauka. Katika wilaya za Wajir, Mandera, Garissa, Marsabit na Turkana mifugo ilikuwa ikifia njiani, ikielekea visima ambavyo navyo vilikwisha maji. Rais Mwai Kibaki alikuwa ametangaza ukame huo kuwa janga la kitaifa, na katika wiki zilizofuata idadi ya Wakenya waliohitaji msaada wa chakula ikafika takriban milioni 3.5. Wakati huo ndipo ilipokuja habari kutoka New Zealand. Mwanamke mmoja mwenye kampuni ya kutengeneza chakula cha mbwa alijitolea kuwapelekea watoto wa Kenya wenye njaa tani 42 za unga uliotokana na bidhaa zake.

Alisema kuwa unga huo ni mkavu, kwamba hukorogwa kwa maji, kwamba umejaa virutubisho, na kwamba yeye mwenyewe huula. Baadaye alifafanua kuwa haukuwa chakula cha mbwa hasa, bali mchanganyiko wa lishe uliotengenezwa kwa viambato vya namna ile ile. Maelezo hayo yalichelewa. Msemaji wa serikali ya Kenya wa wakati huo, Dakta Alfred Mutua, aliikataa zawadi hiyo na kuieleza kuwa ni jambo la kuwadharau watu. Mashirika ya habari yakaisambaza habari hiyo duniani kote, na kwa siku kadhaa Kenya ikatajwa katika magazeti ya mbali kwa sababu ya mbwa kuliko ilivyotajwa kwa sababu ya njaa.

Wapo waliosema kuwa mwenye njaa hachagui. Wapo waliosema kuwa afadhali kufa kuliko kula cha mbwa. Kauli zote mbili zilitoka kwa watu walioshiba. Lakini ndani ya mabishano hayo yalikuwamo maswali mawili yaliyochanganywa kama mchele na chuya: je, binadamu anaweza kula chakula kilichotengenezwa kwa ajili ya mbwa au paka? Na je, inafaa ale, au apewe? La kwanza ni swali la mwili. La pili si la mwili peke yake, na ndilo gumu zaidi.

Chakula cha mbwa cha kiwandani si kitu cha kale. Kwa karne nyingi mbwa alikula makombo, mifupa na alichokikamata mwenyewe, na katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki hali bado ni hiyo hiyo. Husimuliwa kwamba katika miaka ya 1860 Mmarekani mmoja, James Spratt, alifika Uingereza kuuza vifaa vya kukinga radi. Bandarini akawaona mbwa wakigombania biskuti za mabaharia zilizotupwa: zile biskuti ngumu za unga na maji ambazo mabaharia walizitafuna miezi mingi wakiwa baharini. Spratt akaiga biskuti hizo, akachanganya na nyama na mboga, akaanza kuziuza kwa mabwana wenye mbwa wa kuwindia. Viwanda vikubwa vya leo vimetoka katika biashara ya namna hiyo. Kwa hiyo mwanzoni kabisa mbwa ndiye aliyekula chakula cha binadamu, tena chakula ambacho binadamu mwenyewe alikila kwa kukosa kingine.

Kwa upande wa ulimi, tofauti si kubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 2009 watafiti watatu nchini Marekani walikisaga chakula cha mbwa cha kopo kikawa laini, wakakiweka pamoja na aina nyingine nne za nyama na maini yaliyosagwa, kuanzia za bei kubwa hadi za bei ndogo. Watu 18 wakaonja sahani zote tano bila kuambiwa ipi ni ipi. Waliokitambua chakula cha mbwa walikuwa watatu tu. Hata hivyo 13 kati ya hao 18 walikiweka mwisho kabisa kwa ladha. Ulimi, basi, ulijua kuwa kuna kasoro lakini haukujua kasoro ni nini. Yako pia makampuni barani Ulaya yaliyoajiri waonjaji binadamu, ambao huonja na kutema. Inasemekana kuwa ni kazi yenye malipo mazuri.

Vilivyomo ndani ya kopo navyo si vigeni kwa Mwafrika wa Mashariki. Kuna maini, mapafu, mioyo, matumbo, vichwa vya kuku, mifupa iliyosagwa, nafaka, mafuta. Mzungu wa mjini hushtuka anaposoma orodha hiyo. Mtu aliyekulia Mombasa, Kampala au Morogoro hashtuki, kwa kuwa supu ya utumbo, kichwa cha mbuzi, makongoro na firigisi ni vyakula vinavyopangiwa foleni. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2002, na iliyochukua nafasi yake mwaka 2009, inagawa mabaki ya wanyama katika makundi matatu kwa kiwango cha hatari, na inaagiza kuwa chakula cha mbwa na paka kitokane na kundi la tatu, lile lenye hatari ndogo kuliko yote. Ndani ya kundi hilo kuna viungo ambavyo mkaguzi wa machinjio alikwisha kuvipitisha kuwa vinafaa kuliwa na watu, ila hakuna mtu wa nchi hizo anayetaka kuvinunua. Hoja ya kinyaa, basi, haiwezi kulimaliza jambo hili.

Wakazi wa Mwanza wanaijua vizuri hoja hii. Sangara wa Ziwa Viktoria hukatwa minofu viwandani, minofu ikasafirishwa Ulaya na kwingineko, na mifupa yenye nyama kidogo, pamoja na kichwa, ikabaki. Mabaki hayo huitwa mapanki. Sehemu hukaushwa na kusagwa kuwa chakula cha mifugo, na sehemu hukaangwa na kuuzwa kwa watu. Filamu ya Hubert Sauper, raia wa Austria, iliyotoka mwaka 2004 kwa jina la Darwin's Nightmare, iliyaonyesha mapanki hayo kama alama ya ufukara. Mwaka 2006, mwaka ule ule wa unga wa New Zealand, Rais Jakaya Kikwete aliishutumu filamu hiyo hadharani kwamba imeichafua nchi. Mjadala uliofuata Tanzania ulikuwa mkali, na kwa sehemu yake ulikuwa huu huu: kitu kikiwa kinakwenda kwa kuku na kwa watu pia, je, anayekila amedhalilishwa? Mama mwenye karai la mafuta ya moto pale ufukweni hakuwa na haja ya kuuliza. Kichwa cha samaki ni chakula, na watu wa pwani hukigombania. Kilichoumiza ni kujua kwamba minofu ilikuwa imepanda ndege.

Tofauti ya kweli, basi, haimo katika nyama yenyewe. Imo katika swali la nani atakayewajibika nyama hiyo ikidhuru. Chakula cha binadamu kina wakaguzi wake, kiwango chake cha vimelea, maji yake ya kuoshea mashine, joto lake la ghala, na mtu wa kushtakiwa. Chakula cha wanyama nacho kina sheria, lakini zimewekwa kwa kumfikiria mlaji mwingine, mwenye tumbo kali zaidi na umri mfupi zaidi. Mbwa anayeishi miaka 12 hawezi kuonyesha madhara ambayo kwa binadamu yangejitokeza baada ya miaka 30.

Nchini Marekani, kwa miaka mingi, wakuu wa serikali walivumilia matumizi ya nyama ya wanyama waliokufa wenyewe au waliokuwa wagonjwa katika chakula cha wanyama, mradi imepikwa vya kutosha. Waswahili wana neno la nyama ya namna hiyo: kibudu. Mwezi Februari 2017 makopo ya nyama ya ng'ombe ya mbwa yalirudishwa kutoka madukani nchini humo baada ya kugunduliwa ndani yake dawa ya pentobabitali, ambayo madaktari wa mifugo huitumia kumuua mnyama bila maumivu. Mbwa kadhaa waliugua na mmoja akafa. Mtu hahitaji kuwa mtaalamu kutambua maana yake: mnyama aliyeuawa kwa sindano hakupelekwa machinjioni akiwa mzima.

Chakula kikavu nacho, kile kinachofanana na biskuti au njugu, kina hatari yake. Kati ya mwaka 2006 na 2008 watu 79 katika majimbo 21 ya Marekani waliugua kwa aina moja ya bakteria wa salmonella, na uchunguzi ukaelekea kwenye kiwanda kimoja cha chakula cha mbwa huko Pennsylvania. Karibu nusu ya wagonjwa walikuwa watoto wa umri wa miaka miwili au chini yake. Hawakuwa wamelishwa chakula hicho na mtu yeyote. Ilitosha kwamba kiliwekwa chini jikoni, mahali ambapo mtoto hutambaa na kutia mkono kinywani. Ndiyo sababu madaktari hushauri kuosha mikono baada ya kumlisha mbwa, ushauri ambao watu wengi huusahau kwa kuwa chembe zile ni kavu na hazinuki.

Kisa kikubwa kuliko vyote kilianza Machi 2007. Kampuni moja ya Kanada ilirudisha makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 baada ya paka na mbwa kuanza kufa kwa ugonjwa wa figo. Katika unga wa gluteni ya ngano uliotoka China kulipatikana melamini, kemikali inayotumiwa kutengeneza plastiki na sahani ngumu. Melamini haina lishe yoyote, lakini ina naitrojeni nyingi, na kipimo cha kawaida cha protini hakipimi protini yenyewe: hupima naitrojeni. Mfanyabiashara akiongeza melamini katika unga hafifu, mashine husoma kuwa unga una protini tele. Mabaki ya chakula hicho cha paka na mbwa yalikwisha kulishwa nguruwe na kuku katika baadhi ya mashamba ya Marekani kabla ya hila hiyo kujulikana, na wakuu wa huko walilazimika kupima hatari kwa walaji wa nyama; wakasema kuwa ni ndogo.

Mwaka mmoja tu baadaye, 2008, hila ile ile ikaonekana katika maziwa ya unga ya watoto nchini China. Karibu watoto 300,000 waliugua, na 6 kati yao wakafa. Nchi nyingi zilipiga marufuku maziwa kutoka China, zikiwemo Tanzania na Burundi. Figo za paka wa Marekani zilikuwa zimetoa onyo mwaka mzima kabla, na onyo hilo lilichukuliwa kuwa ni habari ya paka.

Hiyo haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1986 madaktari wa mifugo wa Uingereza waligundua ugonjwa mpya ambao baadaye uliitwa kichaa cha ng'ombe. Ulienea kwa sababu ng'ombe, mnyama wa majani, alikuwa akilishwa unga wa nyama na mifupa ya wanyama wenzake. Novemba 1989 serikali ilizuia ubongo, uti wa mgongo na baadhi ya viungo vingine vya ng'ombe visiingie katika chakula cha binadamu. Zuio la kisheria kwa chakula cha wanyama wote wengine lilikuja Septemba 1990. Katikati ya tarehe hizo mbili, mwezi Mei 1990, ilithibitishwa kuwa paka mmoja wa Bristol, aliyeitwa Max, alikufa kwa maradhi ya namna ile ile. Ilikuwa dalili ya wazi kuwa ugonjwa unaweza kuruka kutoka kwa ng'ombe hadi kwa mnyama mwingine kwa njia ya chakula. Mwezi huo huo waziri wa kilimo, John Gummer, alisimama mbele ya kamera na binti yake mdogo, akampa baga ya nyama ya ng'ombe ili kuwatuliza wananchi. Machi 1996 serikali hiyo hiyo ikalieleza Bunge kuwa vijana walikuwa wakifa kwa ugonjwa wa ubongo ambao yaelekea ulitokana na nyama hiyo. Waliokufa nchini Uingereza wamefika 178.

Paka na mbwa, msikilizaji, wamekuwa walinzi wa meza ya binadamu bila ya kuajiriwa kwa kazi hiyo. Ni vigumu kusema kuwa chakula chao kinamfaa mtu wakati wao wenyewe mara kwa mara ndio wa kwanza kudhurika nacho.

Sasa turudi kwenye mwili. Mtu aliyekula kijiko au hata sahani nzima ya chakula cha mbwa kilichotoka katika kopo safi hatakufa, na yamkini hataugua. Atakayekila miezi mitatu ni habari nyingine. Mbwa na paka hutengeneza vitamini C ndani ya maini yao, kwa hiyo mtengenezaji hana sababu ya kuwawekea kwa kiwango anachokihitaji mtu. Binadamu hana uwezo huo. Akila chakula hicho peke yake ataanza kutokwa damu kwenye fizi, jeraha halitapona, na kiseyeye kilichowaua mabaharia wa zamani kitamrudia nchi kavu. Paka naye hawezi kuigeuza rangi ya karoti kuwa vitamini A kama afanyavyo binadamu, hivyo chakula chake hutiwa vitamini A iliyo tayari, tena nyingi. Kwa mtu, vitamini A ikizidi huumiza ini, na kwa mama mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kiwango cha chini cha protini kinachokubaliwa Marekani kwa chakula kikavu cha mbwa mzima ni asilimia 18, na cha paka ni asilimia 26. Ni chakula kizuri sana, kwa paka.

Na hapa ndipo unga wa New Zealand ulipokosea zaidi kuliko wengi walivyofahamu wakati ule. Waliousifia walisema: una protini nyingi, na watoto wenye njaa wanahitaji protini. Ni fikra inayoeleweka, na ndiyo iliyokuwa ikiua watoto hospitalini kwa miongo mingi. Mtoto mwenye utapiamlo mkali ana ini lililochoka, figo dhaifu na moyo uliopungua nguvu. Akipewa nyama, chumvi na madini ya chuma siku za kwanza, mwili wake hushindwa kuvibeba, na huweza kufa akiwa na tumbo lililojaa. Kwa sababu hiyo mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1999 unaagiza aanzishiwe maziwa maalumu yenye protini chache mno, chini ya gramu moja katika mililita 100, tena kidogo kidogo, usiku na mchana. Chakula chenye nguvu hufuata baadaye.

Liko pia suala la maji. Unga wa kukorogwa unahitaji maji safi, na ukame maana yake ni kukosa maji. Miaka kumi kabla ya kisa cha Kenya, mwaka 1996, Wafaransa wawili, daktari André Briend na mtaalamu wa vyakula Michel Lescanne, walikuwa wamebuni chakula cha tiba kilichotengenezwa kwa karanga, maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini. Pakiti moja ya gramu 92 ina kalori 500. Haihitaji maji wala moto, na mama humlisha mwanawe nyumbani. Chakula hicho kilitumika kwa wingi Niger mwaka 2005, na mwaka 2007 mashirika ya Umoja wa Mataifa yaliidhinisha rasmi tiba ya nyumbani ya aina hiyo. Kwa hiyo, wakati tani 42 zikijadiliwa, jibu la njaa ya watoto lilikwisha kupatikana, lilikwisha kupimwa, na lilikuwa na majina ya waliolipima.

Wakazi wengi wa Wajir, Mandera na Garissa, zaidi ya hayo, ni Waislamu. Unga wa nyama ambayo haikujulikana imechinjwaje, ungefikishwa huko, ungemweka mama kati ya mtoto wake na dini yake. Sheria ya Kiislamu yenyewe ina mlango wa dharura: aliyelazimika, asiyekusudia kuasi, huruhusiwa kula hata nyamafu kiasi cha kumwokoa nafsi. Lakini mwenye kuamua kuwa dharura imefika ni yule aliye ndani ya njaa, na si mfadhili aliye ng'ambo ya bahari wakati bado yapo mahindi na maharage ya kununua.

Haki inataka isemwe pia kwamba heshima huweza kupotosha. Katika miaka ya 1970 na 1980 mahindi ya njano kutoka Marekani yaliletwa Tanzania na Kenya kama msaada wakati wa uhaba. Watanzania waliuita unga wake "Yanga", kwa rangi ya jezi za klabu ya Dar es Salaam, na wengi waliula kwa kununa wakisema kuwa ni chakula cha ng'ombe. Ni kweli kwamba sehemu kubwa ya mahindi ya njano ya Marekani huliwa na mifugo. Lakini ni kweli vile vile kuwa yana viini vya vitamini A ambavyo mahindi meupe hayana, na kwamba Wamarekani wenyewe huyala. Dhana ya dharau iliwanyima watu kitu kilichokuwa bora kuliko walichokipenda.

Basi dharau ya kweli itapimwaje? Haitoshi mfadhili kusema kuwa amekionja, maana yule mama wa New Zealand alisema hivyo, na hakuna sababu ya kumwita mwongo. Mtu huonja kijiko kisha akaenda kula chakula chake cha jioni. Swali la kumwuliza ni jingine: je, sheria ya nchi yake ingemruhusu kuutia unga huo huo katika mkebe wenye picha ya mtoto, na kuuweka dukani, bila ya kutimiza kwanza masharti yote ya chakula cha watoto? Ikiwa jibu ni hapana, basi mtoto wa Kenya alikuwa akipewa kinga ndogo kuliko mtoto wa Auckland. Hilo halina uhusiano na mila za Kiafrika kuhusu mbwa. Lingekuwa kosa hata kama Wakenya wote wangekuwa wapenzi wa mbwa.

Yapo mazingira ambayo swali la kufaa au kutofaa hujifuta lenyewe. Mapema mwaka 2024, katika eneo la kaskazini mwa Gaza, watu walisaga chakula cha mifugo na mbegu za ndege wakaoka mikate, kwa kuwa unga wa ngano ulikuwa umekwisha. Hakuna aliyewauliza kama inafaa. Aliyepaswa kuulizwa ni yule aliyeweza kuufikisha unga na hakuufikisha.

Na yapo mazingira mengine, yaliyo karibu zaidi na wasikilizaji wanaoishi Ulaya na Marekani. Mwezi Oktoba 2022 mfumuko wa bei Uingereza ulifika asilimia 11.1, kiwango cha juu kabisa katika miaka 41. Mwezi uliofuata, mtu anayeendesha mradi wa chakula katika mtaa wa Trowbridge mjini Cardiff aliwaambia waandishi wa habari kuwa wapo jirani zake wanaokula chakula cha wanyama, na wengine wanaojaribu kupasha chakula moto kwa mshumaa. Habari hiyo ilizusha mshtuko, na wapo walioikana. Waliokuwa na shaka walikuwa na hoja moja ya maana: madukani Uingereza kilo ya mchele au ya maharage makavu mara nyingi ni nafuu kuliko kilo ya chakula cha paka cha kopo. Lakini maharage makavu hudai saa mbili za moto, na umeme ndio uliokuwa umepanda bei. Kopo hufunguliwa na kuliwa pale pale. Hesabu ya maskini ina tarakimu ambazo mwenye jiko hazioni.

Nchini Marekani sheria imelikata jambo hili kwa upande wa pili. Msaada wa chakula ambao serikali huwapa wenye kipato kidogo haununui chakula cha mbwa wala cha paka. Mzee anayeishi peke yake, ambaye paka wake ndiye kiumbe pekee anayezungumza naye tangu asubuhi hadi jioni, hubaki na sahani moja kwa matumbo mawili. Watu wanaojitolea kuwapelekea wazee hao chakula cha moto majumbani walikuja kugundua kuwa baadhi yao walikuwa wakipungua uzito ingawa chakula kilifika kila siku. Walikuwa wakiwagawia wanyama wao nusu ya mlo, wakati mwingine zaidi ya nusu. Hapakuwa na sababu ya kuwakemea, na kukemea kusingesaidia. Katika miji kadhaa utaratibu ukabadilishwa, na siku hizi mjitoleaji hufika mlangoni na mifuko miwili: mmoja wa bibi, mmoja wa paka.